UZI: Elektroni haifichi kitu. Kanuni ya Heisenberg haihusu ubovu wa vipimo

Mwalimu_Katuba (mwenye uzi)

Bandugu, salamu kutoka Lubumbashi. Nafundisha fizikia madarasa ya mwisho ya humanité, yaani sekondari. Kila tukifika kwa Werner Heisenberg, Mjerumani mwenye kanuni ya kutokuwa na uhakika, nakuta sentensi ile ile kwenye madaftari: "Hatuwezi kujua mahali na momenta ya elektroni kwa pamoja, kwa sababu tukiipima tunaisukuma." Vijana wanaikariri, wanaiandika kwenye mtihani, wanapewa pointi. Ni nusu ya ukweli, tena nusu iliyo dhaifu. Kijana akiishia hapo amenyimwa sehemu tamu kuliko zote za somo hili, na mimi hilo linaniuma.

Tuiweke kanuni mezani kama ilivyo:

Δx · Δp ≥ h/4π

x ni mahali. p ni momenta, yaani masi mara velositi. h ni namba ya Planck, 6.626 × 10⁻³⁴ kwa jouli-sekunde. Alama ya Δ ndiyo inayowapoteza watu. Wengi wanaisoma kama "kosa la chombo". Siyo. Δ ni mtawanyiko wa majibu.

Fikiria tuna mtambo unaotoa elektroni, zote zimeandaliwa kwa namna moja kabisa, bila tofauti yoyote. Tunachukua kundi la kwanza, kila elektroni tunaipima mahali ilipo, basi, tunaachana nayo. Majibu hayafanani, yanatawanyika. Upana wa mtawanyiko huo ni Δx. Tunachukua kundi la pili, kutoka mtambo ule ule, hili tunalipima momenta tu. Majibu nayo yanatawanyika. Huo ni Δp. Kanuni inasema: zidisha mitawanyiko miwili, hutapata chini ya h/4π, hata vyombo vyako viwe safi namna gani.

Sasa angalieni vizuri. Hakuna elektroni hata moja iliyopimwa mara mbili. Iliyopimwa mahali haikupimwa momenta, na iliyopimwa momenta haikuguswa kabla. Nani amemsukuma nani? Hadithi ya kusukuma haina pa kusimama hapa, lakini kanuni bado iko pale pale.

Basi inatoka wapi? Mwaka 1924 Louis de Broglie, Mfaransa, aliandika katika tasnifu yake kwamba kila chembe inaenda na wimbi, na urefu wa wimbi hilo ni h gawanya kwa momenta. Mwaka 1927 Davisson na Germer huko Marekani walirusha elektroni kwenye fuwele ya nikeli, zikarudi kwa mpangilio wa mawimbi kweli. Kwa hiyo kusema elektroni ina momenta moja kamili ni kusema wimbi lake lina urefu mmoja kamili. Na wimbi lenye urefu mmoja kamili halina mwanzo wala mwisho, linaenea kote. Ukitaka wimbi lililokusanyika mahali padogo, lazima uchanganye mawimbi mengi ya urefu tofauti mpaka yafutane kwingine kote na kubaki hapo tu. Mawimbi mengi ya urefu tofauti maana yake momenta nyingi.

Wapiga gitaa wa hapa kwetu wanalijua jambo hili kwa masikio. Nyuzi mbili, moja inatetemeka mara 440 kwa sekunde, nyingine 441. Ukizipiga na kuzizima papo hapo, hakuna fundi duniani atakayekwambia zinatofautiana. Ziache zilie sekunde moja au zaidi, utasikia sauti inapanda na kushuka, hapo unajua bado hazijalingana. Mlio mfupi hauna noti kamili ndani yake. Sikio halina kosa, noti yenyewe haimo. Hesabu ya jambo hili ni ya Joseph Fourier, karne nzima kabla ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama elektroni. Iunganishe na de Broglie, umepata kanuni ya Heisenberg.

Na hadithi ya kusukuma ilitoka wapi? Kwa Heisenberg mwenyewe, ndiyo maana imeshika mizizi. Mwaka 1927, akiwa Copenhagen kwa mwanafizikia Niels Bohr, aliandika makala yenye mfano wa darubini ya miali ya gama: fotoni, yaani chembe ya mwanga, inaigonga elektroni, tunaiona ilipo, lakini mgongano umebadilisha momenta yake. Bohr aliisoma akamwonyesha kasoro: fotoni kuigonga elektroni peke yake hakutoshi, kwa sababu mgongano unaweza kuhesabiwa. Lazima uingize upana wa lenzi, kwani hatujui fotoni imepita upande gani wa lenzi. Kinachonigusa ni kwamba mwaka 1923, kwenye mtihani wake wa udaktari Munich, Wilhelm Wien alimuuliza Heisenberg uwezo wa darubini kutenganisha vitu viwili, akashindwa kujibu, nusura aanguke. Miaka minne baadaye lenzi ile ile inamrudia ndani ya makala iliyompa jina.

Uthibitisho safi wa mitawanyiko, ule wenye h/4π, ulitolewa mwaka huo huo wa 1927 na Earle Kennard, Mmarekani. Jina lake halimo kwenye daftari lolote nililofungua.

Karibuni mchangie.

MtotoWaKadutu (Bukavu)

Mwalimu, aksanti sana. Hapo kwa makundi mawili umenifungua macho. Nafuatilia.

DadaHimbi (Goma)

Mwalimu, heshima yako. Nasoma fizikia mwaka wa tatu. Hoja ya makundi mawili nimeikubali kabisa. Lakini mwanafunzi wa humanité hana mtambo wa elektroni. Kuna kitu anaweza kukiona kwa macho, au abaki kukuamini tu?

Mwalimu_Katuba

Dada, kipo, na nakifanya darasani. Unahitaji laza ndogo nyekundu, ile ya kuning'iniza kwenye funguo, sokoni Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi) zinauzwa pamoja na tochi. Unahitaji pia wembe mbili, kipande cha kartoni na gundi ya utepe.

Toboa kartoni dirisha dogo. Bandika wembe wa kwanza pembeni mwa dirisha. Chukua unywele mmoja, uulaze kwenye makali, kisha sogeza wembe wa pili mpaka uubane unywele, bandika, halafu vuta unywele utoke. Sasa una ufa wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Usiufanye sawasawa juu na chini: acha chini pawe na upana zaidi kidogo kuliko juu, kama herufi V iliyobanwa na kupinduliwa. Zima taa (umeme ukikatika wenyewe, vizuri zaidi), pitisha mwanga kwenye ufa uangukie ukuta wa mita tatu mbele. Kamwe usimwelekezee mtu machoni.

Chini, kwenye upana, utaona doa dogo ukutani. Pandisha laza polepole kuelekea juu ambako wembe zinakaribiana. Mtu anategemea doa liwe jembamba, maana mlango umebanwa. Linafanya kinyume: linafunguka kushoto na kulia, linakuwa mstari, na vidoa vingine vinatokea pembeni. Kwa mwanga wa nanomita 650 na ufa wa milimita 0.1, mstari wa kati unafika karibu sentimita nne. Darasa zima hupiga kelele hapo, kila mara.

Kubana ufa ni kupunguza Δx ya fotoni kwa upande. Kupanuka kwa mstari ni Δp ya upande ikiongezeka. Inatanuka upande ule tu uliobanwa. Juu na chini, ambako hukubana, doa halibadiliki.

DadaHimbi

Samahani Mwalimu, nitakubishia kidogo. Hiyo ni difraksheni ya kawaida, wimbi kutanuka likipita penye upenyo mwembamba. Fresnel, Mfaransa mtaalamu wa mwanga, aliijua mwanzoni mwa karne ya 19, hakuhitaji Heisenberg. Mwenye kukataa kwanta atasema: mwanga ni wimbi, bila shaka unatanuka. Umeonyesha tabia ya mawimbi, si tabia ya chembe.

Mwalimu_Katuba

Ubishi wa maana huu, asante. Jibu liko kwenye kinachotokea ukipunguza mwanga. Mwaka 1909 G. I. Taylor huko Cambridge alififisha mwanga kiasi kwamba picha moja ilihitaji miezi kukamilika, na mpangilio wa mawimbi ukajichora vile vile. Leo vyombo vinahesabu fotoni moja moja: kila moja inatua kama nukta moja, mahali pamoja. Haijigawi ukutani. Nukta zikishakuwa nyingi ndipo mstari mpana unaonekana. Kwa hiyo upana ule ni mtawanyiko wa matokeo ya fotoni moja moja, ndiyo Δ tuliyoizungumzia.

Na kama mtu anasema fotoni ni kitu cha ajabu kisichofaa kuwa ushahidi, mpe molekuli. Mwaka 2002 kundi la Anton Zeilinger huko Vienna lilipitisha molekuli za C₇₀, atomi sabini za kaboni zilizoshikana, kwenye ufa unaobanwa hadi nanomita 70. Molekuli hizo zilitoka kwenye tanuri la joto la kelvini 900, si kitu kiteule. Ufa ulipobanwa, mtawanyiko wa momenta ulitanuka kama kanuni inavyosema. Kitu chenye atomi sabini, Dada! Fresnel hakuwa na jibu kwa hilo.

DadaHimbi

Nimeridhika.

Injinia_Ruashi

Mimi nipo kwenye madini, mambo ya vitu vizito. Kama kanuni ni ya kila kitu, mbona lori la shaba linaloelekea Kasumbalesa halitawanyiki? Tunajua liko wapi na linaenda kasi gani.

Mwalimu_Katuba

Injinia, tulihesabu. Lori la tani 40, tuseme tunajua mahali lilipo kwa milimita moja. Gawanya h/4π kwa milimita hiyo, gawanya tena kwa kilo 40,000: mtawanyiko wa velositi usiopungua ni mita 1.3 × 10⁻³⁶ kwa sekunde. Liache lori na "shaka" hiyo kwa umri wote wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8. Litakuwa limesogea umbali mdogo kuliko upana wa protoni karibu mara elfu tatu. Kanuni ipo kwenye lori, ila mizani yako haitaihisi kamwe.

Rudia hesabu hiyo kwa elektroni ndani ya atomu, nafasi ya mita 10⁻¹⁰. Inatoka karibu kilomita 580 kwa sekunde. Masi ndogo, nafasi ndogo, mtawanyiko mkubwa.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hiki ndicho kitu ambacho madaftari hayakigusi. Wengi wanaisikia kanuni kama katazo: huwezi kujua hiki, huwezi kujua kile. Mimi naiona kama sababu ya wewe na mimi kuwepo.

Chukua hidrojeni, protoni moja na elektroni moja. Kwa fizikia ya zamani elektroni inayozunguka inatoa mwanga, inapoteza nishati, na inaangukia kiini (hapa ni ile protoni) ndani ya kama sekunde 10⁻¹¹. Shaba yote ya Katanga, maji yote ya Ziwa Kivu, yangekuwa yameporomoka kabla hujapepesa jicho. Hayaporomoki. Kwa nini?

Elektroni ikisogea hadi nusu ya umbali, nishati ya mvuto wa umeme inakuwa mara mbili. Hilo linaivuta ndani. Lakini kuibana kwenye nusu ya nafasi kunaipandisha momenta yake mara mbili, na nishati ya mwendo inafuata mraba wa momenta, kwa hiyo inapanda mara nne. Kila hatua ya kuingia ndani, gharama inapanda haraka kuliko faida. Mahali fulani mambo yanasawazika. Weka momenta kuwa h/2π gawanya kwa umbali, tafuta nishati ya chini kabisa, utapata umbali wa mita 5.3 × 10⁻¹¹ na nishati ya kuing'oa elektroni ya elektroni-volti 13.6 (elektroni-volti ni kipimo cha nishati ya chembe). Hidrojeni halisi ina namba hizo hizo. Ni makadirio, hesabu kamili ni ya mlinganyo wa Schrödinger wa 1926, lakini sababu ndiyo hiyo: elektroni haiangukii kiini kwa kuwa kukaa mahali padogo hivyo kungeilazimu kuwa na momenta kubwa mno.

Hesabu hiyo hiyo ilisaidia kuondoa wazo lililokuwa limezoeleka kabla ya nyutroni kugunduliwa mwaka 1932, kwamba kiini kina elektroni ndani yake. Ibane elektroni kwenye mita 10⁻¹⁴: itahitaji nishati ya karibu elektroni-volti milioni kumi. Elektroni za mionzi ya beta, zile zinazorushwa na kiini, kwa kawaida huwa na nishati ndogo kuliko hiyo kwa mbali.

Tena kuna heliamu. Poza gesi yoyote vya kutosha, itaganda. Heliamu haigandi. Kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa inabaki kimiminika hata ukiikaribia sufuri kabisa ya joto. Mpaka uiminye kwa atmosfia kama 25. Atomu zake ni nyepesi na zinashikana kwa unyonge, na kuituliza kila moja mahali pake kungezipa mtikisiko unaotosha kuvunja mpangilio. Hapo hakuna mtu anayepima chochote, wala darubini. Kanuni inafanya kazi peke yake.

Injinia_Ruashi

Hiyo ya mara mbili na mara nne naipeleka kazini kesho. Aksanti, prof.

MtotoWaKadutu

Mwalimu, miye niko na swali. Labda elektroni ina mahali kamili na momenta kamili, ila sisi ndio hatuvioni. Kama mutu amejificha nyuma ya nyumba: yuko, ila simwoni. Unajuaje sivyo?

Mwalimu_Katuba

Mdogo wangu, swali hilo ndilo Einstein alilopambana nalo na Bohr, kuanzia mkutano wa Solvay mjini Brussels mwezi wa kumi 1927, wakarudiana 1930, na mwaka 1935 Einstein akaandika makala na Podolsky na Rosen kudai nadharia haijakamilika. DadaHimbi, umesoma Bell? Nakuachia uwanja.

DadaHimbi

Nitajaribu kwa kifupi. Mwaka 1964 John Bell alionyesha kwamba ukichukulia chembe zina majibu tayari ndani yao, na hakuna taarifa inayokimbia kupita mwanga, basi vipimo vya chembe pacha zilizotenganishwa haviwezi kulingana kupita kiwango fulani. Kwanta inasema vitapita. Vikapimwa: Clauser miaka ya 1970, Aspect mwanzoni mwa miaka ya 1980, Zeilinger baadaye. Vimepita. Watatu hao walipata Nobel mwaka 2022.

Lakini tuwe waangalifu. David Bohm mwaka 1952 alifufua wazo la de Broglie na kujenga nadharia ambamo chembe ina mahali na mwendo kila wakati, na inatoa majibu yale yale ya maabara. Bei yake ni kwamba chembe ya hapa inaathirika papo hapo na jambo la mbali. Kwa hiyo MtotoWaKadutu, mtu nyuma ya nyumba bado anawezekana, ila lazima nyumba zote za mji ziwe zimeunganishwa.

Mwalimu_Katuba

Umesema vizuri kuliko mimi. Naongeza moja tu: hata kwa Bohm, huwezi kuandaa elektroni zenye mitawanyiko yote miwili midogo. Kanuni inabaki. Mimi naegemea upande usemao hivyo vitu viwili havipo kwa pamoja, ndiyo maana ya kichwa cha uzi huu, lakini nasema wazi kwamba hapo wanafizikia wenye akili timamu bado wanabishana.

PapaLikasi

Wanangu, nawasoma kwa furaha. Mimi ni mzee wa Likasi, nimekua tukisikia habari za urani ya Shinkolobwe, mgodi wa huku kwetu. Je, kanuni hii inahusika na mionzi inayotoka kwenye yale mawe?

Mwalimu_Katuba

Papa, shikamoo. Inahusika kwa ujamaa, mama yao ni mmoja: wimbi. Chembe ya alfa (protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikana) inatoka kwenye urani 238 ikiwa na nishati ya elektroni-volti milioni 4.2, wakati ukuta wa nguvu za umeme unaoizuia una zaidi ya milioni 25. Kwa fizikia ya zamani haitoki milele. Mwaka 1928 George Gamow, na Gurney na Condon kwa upande wao, walionyesha kwamba wimbi la alfa halikatiki ghafla ukutani, linapenya likififia, na sehemu ndogo sana inatokea nje. Ndogo kiasi kwamba nusu ya urani inahitaji miaka bilioni 4.5 kuoza.

Na historia yake, Papa, inagusa mtu wetu huyu: Wajerumani walipoivamia Ubelgiji mwaka 1940 waliteka akiba ya urani ya Katanga iliyokuwa huko, na Heisenberg alikuwa kiongozi mmojawapo wa utafiti wao wa urani. Hilo linastahili uzi wake.

PapaLikasi

Uanzishe, mwanangu. Tutakusoma.

Injinia_Ruashi

Nimeona mahali wameandika kwamba mwaka 2012 watafiti walithibitisha Heisenberg alikosea. Kweli?

Mwalimu_Katuba

Kichwa cha habari kilikuwa kikubwa kuliko habari. Kuna kauli mbili. Ya kwanza ni ya mitawanyiko, ya Kennard, na hiyo haijaguswa na mtu. Ya pili ni ile ya darubini: kosa la kupima mahali, zidisha kwa usumbufu unaoletwa kwenye momenta. Mwaka 2003 Masanao Ozawa wa Japani alionyesha kwamba kauli hiyo ya pili, ikiandikwa kirahisi, si sahihi kila wakati, akatoa nyingine ndefu zaidi. Mwaka 2012 makundi ya Vienna na Toronto yakaipima na kuona usumbufu unaweza kuwa mdogo kuliko fomula rahisi ilivyodai. Wapo wanaobishana naye juu ya namna ya kufafanua "usumbufu". Mnaona sasa kwa nini nimekasirikia madaftari: sehemu iliyotikisika ndiyo hasa sehemu tunayowakaririsha watoto.

DadaHimbi

Na wanaopima mawimbi ya graviti huko LIGO wanaitumia kanuni badala ya kuilalamikia. Tangu 2019 wanatumia mwanga uliobanwa: wanapunguza mtawanyiko wa kipimo wanachokihitaji, wanakubali ule wa mwenzake uongezeke. Kanuni inalinda jibu la kuzidisha viwili, haimlindi mmoja mmoja.

Mwalimu_Katuba

Hasa. Mahali peke yake unaweza kupima kwa usahihi wowote unaoutaka. Kwa hiyo wale wanaosema "sayansi imethibitisha hakuna uhakika wa kitu chochote" waambieni kanuni hii ina namba ndani yake, na namba hiyo imepimwa.

MtotoWaKadutu

La mwisho, Mwalimu, nina mtihani wa Serikali. Kitabu kimoja kina h/4π, kingine h/2π, kingine h tu. Niandike ipi?

Mwalimu_Katuba

Ikiwa Δ ni mtawanyiko wa kitakwimu, yaani mchepuko sanifu, kikomo ni h/4π. Vitabu vya h au h/2π vinafanya makadirio, kwa mfano vinachukua upana mzima wa ufa kama Δx. Heisenberg mwenyewe mwaka 1927 aliandika kwa makadirio ya h. Swali likikupa fomula, tumia waliyokupa. Lisipokupa, andika h/4π na useme Δ yako ni nini. Halafu usisahau kubadilisha nanomita kuwa mita kabla ya kuzidisha, hapo ndipo pointi nyingi zinapotea.